Wifi, niliyosema 2014 hayakuwa uongo

Wifi yangu,

Tangu arobaini ya kaka yangu, mume wako, hupokei simu zangu, basi naandika hapa. Watoto watakuonyesha.

Ulisema mbele ya watu kuwa ni mimi niliyemwambia kaka dengue, yaani kidingapopo, haitamrudia. Nilisema, tena ilikuwa kweli, kwa aina moja. Kidingapopo ina virusi aina nne. 2014 Dar es Salaam ilikuwa na aina ya pili, na kinga ya hiyo alibaki nayo. 2019 zikaja ya kwanza na ya tatu.

Wewe unashona, utanielewa. Mtu akipona, mwili hutunza seli T za kumbukumbu, yaani askari wa kinga wanaomkumbuka adui, kila moja imekatwa kwa kipimo cha kipande kimoja cha protini ya kirusi. Seli T zinazoua hulenga zaidi protini za kirusi ziitwazo NS3 na NS5. Aina nne hufanana pale, ila si sawasawa. Ikija aina nyingine, shati la zamani linaingia lakini linabana kwapani. Seli za zamani ni nyingi na huamka haraka, kwa hiyo huwatangulia wapya ambao wangeshonwa kwa kipimo halisi. Hushika seli zenye kirusi kwa ulegevu, huua vibaya, na wakati huohuo humwaga saitokini, kemikali za kinga kama TNF, zinazolegeza mishipa midogo. Watafiti waliwaona seli hao kwa watoto wa Thailand, wakachapisha 2003.

Tusiwasingizie seli T peke yao, maana kuna utafiti wa Sri Lanka wa 2013 ulioonyesha kuwa wakiwa na nguvu na kazi nyingi, hulinda. Mimi nazilaumu zaidi kingamwili za zamani. Hung'ang'ania kirusi kipya bila kukizima, kisha seli nyeupe hukimeza pamoja nazo, na kirusi huzaliana humo humo.

Lakini asubuhi ile alipougua mara ya pili, wifi. Siku ya tano ya homa. Ulinipigia unacheka: homa imekata, shati limekauka, anakunywa uji barazani. Nyuma yako nilimsikia akilalamika tumbo. Ukasema vidonda vya tumbo hivyo. Siku ya tatu mlikuwa mmemchoma diklofenaki, dawa inayozidisha hatari ya kutoka damu. Dengue ni parasetamoli tu.

Homa kukata kati ya siku ya tatu na ya saba ndiyo saa ya hatari. Virusi vinapungua, mishipa inavuja. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, kusinzia, mikono baridi, mkojo kidogo: kimoja tu kinatosha kumpeleka hospitali. Maabara hematokriti (asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu) ikipanda kutoka 40 hadi 48 huku chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikiporomoka, maji ya damu yanatoka nje ya mishipa. Mwenye dalili hizo ambaye hajaingia kwenye mshtuko (damu kushindwa kuzunguka vizuri) huanzishiwa dripu ya mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo kwa saa, saa moja au mbili, kisha inapunguzwa huku akipimwa tena. Mtu wa kilo 70 ni kama 350 hadi 490 kwa saa. Kumwagia zaidi si huruma. Mvujo hudumu siku moja au mbili, na maji ya ziada huishia mapafuni.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nikakuambia, "Mkampime kesho." Nilikuwa safarini, sikumwona, na wewe ulisema anakula. Ningejuaje? Lakini tumbo nililisikia.

Na mwanao mdogo aliugua naye 2019, kwa hiyo sasa yuko pale alipokuwa baba yake. Akipata homa, parasetamoli ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo kila anapomeza, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini na ibuprofeni hapana. Andika siku homa ilipoanza. Maleria apimwe pia, ila jibu likiwa hana, usiishie hapo.

Usiponipigia mimi, sawa. Mpeleke tu siku homa ikikata, hata kama anakunywa uji.