Vifuu vyetu visiishie jaani

Mhariri,

Hapa Lamu kifuu cha nazi kikishakunwa huishia jikoni kama kuni, au jaani. Inaniuma, kwa kuwa kifuu ni miongoni mwa malighafi bora za kaboni amilifu, yaani makaa yenye vitundu vingi vidogo. Huchomwa bila hewa hadi kiwe makaa, kisha makaa hupitishiwa mvuke kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900 hivi za Selsiasi. Mvuke huyatoboa vitundu vidogo mno, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani linalozidi mita 1,000 za mraba. Ndani ya superkapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi umeme kinachotumia kaboni hiyo, chaji ya umeme hujipanga juu ya eneo hilo lote. Kwa hiyo kifaa hujaa kwa sekunde chache na hustahimili kuchajiwa mamia ya maelfu ya mara, ingawa hakihifadhi nishati nyingi kama betri ya lithiamu.

Naomba serikali ya kaunti ikae na Chuo Kikuu cha Pwani, wenzetu wa Kilifi, itenge fedha za utafiti wa kutengeneza kaboni hii ya superkapasita kwa vifuu. Vifuu vinunuliwe kwa kina mama wanaokamua mafuta ya nazi. Mikoko isiguswe kabisa kwa ajili ya makaa haya.

Msomaji,
Langoni, Lamu