Saini ya nani iwe kwenye picha hizi?

Kwako Anti, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Temeke, na kazi yangu ni kuchora picha za mtindo wa Tingatinga. Nina selimundu ya kuzaliwa nayo. Zimebaki wiki sita nikabidhi kazi ya watu, na usingizi umenikimbia.

Uchoraji nilifundishwa na mjomba nikiwa na miaka 16. Mwaka mzima wa kwanza sikugusa mnyama wala ndege. Nilikuwa napaka rangi ya nyuma tu, ile inayoanza njano chini na kupanda hadi nyekundu juu, mpaka nikaweza kuzichanganya bila mstari kuonekana. Nilipofika miaka 25 brashi ilikuwa inanilisha na kunilipia kodi. Halafu nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Daktari akanieleza kwamba zile chembe za damu zinazojikunja kama mundu zilikuwa zimeziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa umekufa kwa kukosa damu. Nikakaa miaka minne bila kazi. Wateja wakahamia kwa wengine, sikuwalaumu.

Kilichonirudisha ni benchi la kliniki. Siku hiyo kulikuwa na mtoto wa kama miaka sita analia kabla hata nesi hajafika, kwa kuwa alishajua mshipa wake haupatikani upesi. Nikachukua bahasha ya vipimo vyangu, nikamchorea chui kwa nyuma, nikampa kalamu nikamwambia madoa aweke mwenyewe. Akawa anaweka madoa kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unatafutwa mshipa. Aliyelia siku hiyo ni mama yake.

Tangu hapo kila siku ya kliniki naenda na karatasi. Nyumbani nikaanza tena kuchora, nimekaa kitandani, ubao magotini, picha ndogo za sentimita 30 kwa 30 kwa sababu zile kubwa zinataka mtu asimame. Nachora asubuhi, kwa muda wa saa tatu hivi kila siku, chupa ya maji pembeni na dirisha wazi, maana harufu ya tapentaini inanipa kichwa. Haidroksiurea, dawa ninayotumia ya selimundu, nayo imenisaidia sana. Zamani nilikuwa nalazwa karibu kila mwezi, mwaka jana nililazwa mara mbili tu.

Hapo kliniki ndipo nilipowapata mabinti wawili ninaowafundisha, mmoja ana miaka 19, mwingine 23. Wote wana selimundu kama mimi. Wanakuja kwangu mara tatu kwa wiki na siwatozi kitu.

Sasa Anti, mwezi wa tano mwenye duka moja la zawadi alinipa oda ya picha 30, ziwe tayari mwisho wa mwezi wa tisa. Akanilipa nusu ya pesa siku hiyo hiyo. Sikumwambia kama naumwa. Kuna mwingine niliwahi kumwambia huko nyuma, akasema ananionea huruma, na tangu siku ile hajapokea simu yangu. Nikaogopa yasijirudie.

Mwezi wa sita baridi ikanikamata. Siku 11 wodini. Niliporudi nikakuta mabinti wamewamba vitambaa na kupaka rangi ya nyuma picha tisa, kwa maelekezo niliyokuwa nawapa kwenye simu. Na yule mdogo amechora kanga mzima, peke yake. Vile vidoa vyeupe vya manyoya amevidondosha kwa ncha ya kijiti, kimoja kimoja, vinapungua ukubwa kadiri vinavyokaribia shingo. Mimi sikuwahi kumfundisha hivyo. Ni mzuri kuliko kanga wangu yeyote.

Mjomba anasema niweke saini yangu nimalize, ndivyo kazi hii ilivyo. Anasema Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na akafariki 1972, miaka minne tu, na kama asingekuwa na ndugu na vijana wa kushika brashi pamoja naye, leo tusingekuwa na kazi. Kwa rangi ya nyuma nakubaliana naye, hata mimi nilimpakia yeye na jina langu halikuandikwa popote. Lakini kanga yule si wangu, na mwenye duka amelipia mkono wangu.

Linaloniuma zaidi ni la wiki iliyopita. Nilikuwa nimewaahidi kwamba kila picha watakayoshiriki tutagawana pesa. Basi yule mkubwa akabeba picha tatu kwenda nazo kwao, akakesha nazo. Asubuhi mgongo na miguu ikamshika, akapelekwa kuwekewa dripu. Mimi ndiye ninayewaambia kila siku kwamba uchovu na kukosa maji vinaleta maumivu! Nilipokwenda kumwona, mama yake alinikaribisha kiti, akaniuliza nyonga inaendeleaje. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi nilishindwa kumtazama.

Mama yangu anataka niwaambie wasije mpaka oda iishe. Nikifanya hivyo sitamaliza, na yule mdogo, aliyeacha shule kwa ajili ya kulazwa lazwa, hana pengine pa kwenda. Nikiwaacha waendelee, naogopa nitawaumiza kwa jina la kuwasaidia.

Nimwambie mwenye duka ukweli sasa, wakati nusu ya pesa yake nimeshanunulia rangi na kulipia kodi? Na nikimwambia, nianze na ugonjwa au na kanga? Hao mabinti niwawekee mipaka gani ambayo hata mimi mwenyewe nitaiheshimu?

Picha zilizokamilika ni 14. Ya kanga nimeitundika ukutani, imeshakauka, na pale chini kona ya kulia sijaandika kitu.

Wako,
Mchoraji, Temeke