Asante dada wa siti ya mbele
Dada uliyepanda daladala yangu pale Mbagala ukakaa siti ya mbele, jina lako sikuuliza ila asante sana aisee. Mi nilishazoea ganzi kidole cha mwisho na cha pete, usiku naamka mkono kama si wangu nikajua labda presha, we ukaona navyoegemeza kiwiko dirishani ukasema kaka hapo unaubana mshipa wa fahamu, unapita nyuma ya kiwiko. Ukaniambia nifunge taulo kiwikoni nikilala mkono usijikunje, na nikiona nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada inaisha nisingoje, niwahi hospitali. Wiki ya sita hii, chenji sidondoshi tena. Ukiniona stendi panda tu, nauli sichukui.