Leseni ya urubani sio ajira, tuwaambie wazazi ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nichangie hii mada ya vijana na urubani, maana kila mara naona picha za wahitimu wamevaa mashati meupe na mistari mabegani, chini yake imeandikwa marubani wapya wamehitimu, basi mzazi akisoma hapo anajua mtoto wa mwenzie kesho yuko mbele kwenye jeti anabeba watu mia tatu. Mimi ni rubani msaidizi, kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa urubani, na kiukweli haiendi hivo.

Kwa viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, leseni ya mwanzo kabisa, ile ya kuruka mwenyewe bila kulipwa, inataka saa 40 za kuruka. Ya biashara ni saa 200, au 150 kama umesoma kozi moja iliyounganishwa kwenye chuo kilichoidhinishwa. Ile ya juu, ambayo bila hiyo huwezi kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, ni saa 1500. Sasa hapo ndo penye shida yenyewe: chuo kinakuuzia zile 200, hela yote ya familia inaishia hapo, alafu zile 1300 zilizobaki hakuna anayeziongelea mpaka siku umemaliza ndo unaanza kuuliza watu. Leseni ya biashara ni tiketi ya kuingia stendi tu, basi bado hujapanda.

Wanaofika kwenye mashirika makubwa hizo saa wamezipata wapi? Wengi kwa kufundisha. Unamaliza kozi yako, unaongeza cheti cha ualimu, unarudi kwenye kandege kale kale ka injini moja ila safari hii umekaa kiti cha kulia na kushoto yuko mtu anayetaka kuwaua wote wawili bila kujua. Nacheka lakini sio utani, mwanafunzi anainua pua ya ndege mapema wakati wa kutua, spidi inaisha, ndege bado iko juu ya ranwei, na wewe una sekunde moja na nusu kuamua umwache ajifunze au ushike mwenyewe. Unazunguka uwanja huo huo tua ondoka tua ondoka kutwa nzima juani na mshahara ni wa kukaza mkanda. Watu wanaidharau sana hii kazi lakini mimi nasema ndo shule yenyewe, maana mpaka umeeleza kitu mara mia kwa watu tofauti ndo unajua kama unakielewa. Wengine wanapitia kuruka na watu wa parachuti, kupiga picha za ramani, kuvuta mabango angani, au mizigo midogo usiku kwenye ndege ambayo otopailoti yake, ule mtambo wa kuiendesha ndege yenyewe, iliacha kufanya kazi zamani. Na wapo wa jeshini, hao njia yao nyingine kabisa, serikali inalipia mafunzo ila na wewe unaitumikia miaka kadhaa kwanza.

Kuna watu watanijibu kwamba mbona Ulaya kijana wa saa 200 anaingia kwenye Boeing au Airbus moja kwa moja. Ni kweli. Kule ukishafaulu mitihani 13 ya nadharia ya ile leseni ya juu, ukawa na leseni ya biashara, na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndege hata usipoona nje na cha injini nyingi, na kozi ya kufanya kazi wawili wawili kokpiti, yaani chumba cha marubani, sheria inakuruhusu kukaa kulia kama rubani msaidizi, saa 1500 utazimalizia humo humo kazini. Marekani ni tofauti, tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu, yaani saa 1500, isipokuwa aliyetoka jeshini anakubaliwa na 750 na mwenye digrii ya urubani kutoka chuo kinachotambulika 1000. Sheria hiyo ilikuja baada ya ile ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009 waliyokufa watu 50, na cha ajabu marubani wote wawili wa siku ile walikuwa na saa zaidi ya 1500, tatizo lilikuwa uchovu na namna walivyoishughulikia ndege ilipoanza kupoteza spidi, kwaiyo ubishi wa kwamba saa nyingi ndo usalama haujaisha mpaka leo na mimi siuingii.

Ninachosema ni kwamba kuruhusiwa na sheria sio kuitwa kazini. Shirika likiwa na maombi ya watu wenye saa elfu mbili za jeti mezani litakuchukua wewe wa 200 kwa sababu gani? Linakuchukua kama ulipitia programu yake ya kadeti, ambapo linakuchuja kabla hujaanza kusoma, na zipo pia za ile leseni ya MPL, ya rubani wa ndege ya marubani wawili, ambayo ICAO iliileta 2006, angalau saa 240 lakini nyingi ni za kwenye simyuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, na toka mwanzo unafundishwa kazi ya wawili. Hiyo ni njia nzuri ukiipata. Ila soma mkataba! Nyingine gharama zote ni zako, na shirika likiyumba katikati, kama mwaka 2020 ndege zilipopaki dunia nzima, unabaki na deni, tena ukiwa na MPL wewe umeandaliwa kwa kokpiti ya watu wawili, huwezi tu kwenda kuomba kazi ya peke yako kwenye ndege ndogo. Alafu kuna hii ya kulipia mwenyewe taipu retingi, yaani mafunzo ya aina moja ya ndege, bila barua ya ajira mkononi. Nimeona vijana wamelipia retingi ya ndege kubwa wakakaa mpaka ikaexpaya bila kuigusa ndege yenyewe. Usilipie retingi kabla hujaajiriwa, full stop.

Na medikali, yaani uchunguzi wa afya ya rubani. Jamani medikali ya daraja la kwanza ifanyike KABLA hujalipa hata senti ya ada, macho, moyo, masikio, kila kitu. Inauma sana kumwona mtu ameruka saa kibao ndo daktari anamwambia rangi huzioni vizuri.

Siku ukiitwa, usaili una maswali ya kawaida, kuna nadharia, kuna simyuleta, na hapo simyuleta vijana wanajiandaa kuonyesha ufundi. Wanaokupima wanajua ndege hiyo hujawahi kuiendesha, hawategemei utue kama kapteni. Wanazima injini moja baada ya kuruka wanaangalia kwanza kama mguu umekwenda kwenye pedali bila papara, pili, na hii ndo inaangusha wengi, mwenzio wa kiti cha pili akisema "spidi" utamsikia au utakaza shingo. Yule anayesema asante narekebisha, akarekebisha, anapita. Wengine wana mikono ya dhahabu kabisa na wanarudishwa nyumbani.

Ukishaingia kuna mambo ya senioriti, kwenye mashirika mengi tarehe ya kuajiriwa ndo inaamua likizo, ratiba, aina ya ndege na lini utapanda kuwa kapteni, na ukihama shirika unaanza chini kabisa hata uwe na nywele nyeupe. Ndo maana mwenye miaka 35 anayeanza sasa simkatishi tamaa ila apige hesabu yake vizuri, kikomo cha ndege za biashara za kimataifa ni miaka 65. Digrii inasaidia, ila Delta yenyewe, shirika kubwa la ndege la Marekani, iliondoa sharti hilo Januari 2022.

Ombi langu kwako Mhariri, mkiandika tena habari za wahitimu wa vyuo vya urubani waulizeni wakuu wa vyuo swali moja tu, wa mwaka juzi wangapi wanalipwa kuruka leo na wako kwenye ndege gani. Wakitoa majibu yaandikeni, wakianza kuzunguka andikeni pia kwamba wamezunguka, wazazi wataelewa.

Ni mimi msomaji wenu,
Rubani msaidizi, ndege za mizigo