Barua kwa watoto wetu mlionunua ng'ombe Desemba

Wanangu mliorudi mijini,

Nawasalimu nyote, na kwa niaba ya wazee wenzangu tuliobaki huku juu mlimani Kilimanjaro nawashukuru kwa sikukuu tuliyokula pamoja. Ninawaandikia kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe si la mtu mmoja, na nikianza kupiga simu, kila nitakayempigia atadhani ninamsema yeye. Kila Desemba mnapanda kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na kwingineko, vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vya Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu na Rombo vinajaa magari, na kati ya ibada ya Krismasi na siku ya kufunga mizigo hupitishwa maamuzi mengi juu ya ardhi na mifugo, mengine yakipitishwa usiku chupa zikiwa mezani. Safari hii wengi wenu mmenunua mitamba, yaani ng'ombe majike ambao hawajawahi kuzaa, wenye mimba, wengine mmejenga mabanda ya kuku, kisha mkashuka. Mlipoondoka majani yalikuwa bado mabichi kwa mvua za vuli. Sasa jua la Januari limeshika, Februari inakuja, kingo za mashamba zimekauka, na wale mitamba wanataka kula vilevile.

Shauri langu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: kabla mnyama hajaingia bandani, ajulikane mtu wake. Sisemi mwenye mali, maana huyo hajifichi. Nasema yule atakayekuwapo alfajiri na jioni, siku ya kazi na siku ya msiba, mwenye jicho la kuona kilichobadilika, mwenye ruhusa ya kuamua bila kusubiri simu kupokelewa, na mwenye fungu lake katika kinachopatikana. Kama mtu huyo hayupo, au yupo lakini hakuulizwa, basi ng'ombe hajanunuliwa bado, hata kama fedha imeshalipwa.

Kihamba hakikuwahi kuwa shamba la kuachwa. Wazee waliopanga migomba chini ya miti mikubwa, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, na viazi vikuu vikipanda kwenye miti, walilipanga eneo hilo dogo, mara nyingi lisilozidi eka mbili, kwa ajili ya watu wanaolala hapohapo. Ng'ombe aliishi ndani ya nyumba moja na familia, hivyo aliyekohoa usiku alisikika. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, yalikuja kwa zamu, na asiyekuwapo zamu yake ilipofika alikosa. Kahawa ndiyo iliyotuzoesha wazo kwamba kihamba kinaweza kuleta fedha kikiwa na bwana asiyeonekana sana. Ilipandwa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikaanzishwa mwaka 1933, na kwa miaka mingi malipo ya msimu yalijenga nyumba za bati na kuwalipia ada baba zenu na baadhi yenu. Kisha vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, na hata viliporudishwa, bei ya dunia ikaanguka baada ya mkataba wa kimataifa wa kahawa kusambaratika mwaka 1989. Miaka hiyo yote chungu cha kila siku kiliendelea kuchemka kwa ndizi, maziwa na mboga, vitu vilivyokuwa mikononi mwa mama zenu na visivyoandikwa katika daftari lolote la chama. Nyinyi sasa mnataka maziwa yafanye kazi ya kahawa. Yanaweza, ila hayavunwi mara moja kwa mwaka.

Tuanze na majani, kwa kuwa ndiyo yanayotuumiza sasa hivi. Ng'ombe mwenye kilo 400 anahitaji takribani kilo 40 za majani mabichi kwa siku, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na akiwa anakamuliwa anaweza kunywa lita 60 za maji au zaidi. Kihamba hakitoi majani hayo peke yake. Mgomba uliokatwakatwa una maji mengi na chakula kidogo. Unamjaza tumbo, lakini si humo yanamotoka maziwa. Kilo zinazobaki lazima zitoke tambarare, ama kichwani kwa mtu ama kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilichojaa mabua ya mahindi, na mabua hayo mwezi huu bei yake si ile mliyoambiwa Desemba. Aliyepanga vizuri alinunua mabua wakati wa mavuno, akayahifadhi mahali pakavu penye paa, na alikuwa na majani ya tembo, yale majani marefu ya malisho, yaliyopandwa kwenye matuta masika iliyopita, ambayo huyakata yakifika kama mita moja kabla shina halijawa kuni. Kwa wengi wenu sikuona hata kimoja. Niliona banda lenye sakafu ya saruji na taa.

Hapa niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawatalisema kwa sababu wanaona aibu kuonekana hawana shukrani. Baadhi yenu husema kwa furaha kwamba mmemnunulia mama ng'ombe. Mama huyo ana miaka zaidi ya sabini, magoti yanamsumbua, na ng'ombe hajui hilo. Mmemnunulia kazi. Mzigo wa majani mabichi unaotosha mlo mmoja humfanya mwanamke mwenye nguvu asimame njiani mara kadhaa kupumzika. Huyo mama ataubeba kimya, kisha mkimpigia simu atawaambia ng'ombe hajambo. Kama kweli mnataka anywe maziwa, mpelekeeni maziwa kutoka kwa jirani anayefuga na mlipe kila mwisho wa mwezi. Kama mnataka samadi ya migomba, mbuzi wawili wanatosha kuanzia, nao hushiba kwa majani ambayo mtoto anaweza kuyakata akitoka shule.

Wale mnaomtegemea kijana wa kazi, nanyi nawaomba mnisikilize. Nimewasikia mkimpigia jioni na swali ni lilelile: lita ngapi leo? Mtu anayeulizwa lita tu atajifunza kuwapa lita. Maji ya bomba yataongezwa kwenye maziwa siku ambayo ng'ombe amekataa kula, na siku hiyo kituo cha kukusanyia maziwa watatumbukiza laktomita, kile kipimo cha kutambua maziwa yaliyotiwa maji, itazama kuliko inavyopaswa, na jina la nyumba yenu litachafuka kijijini, si jina lake. Au ng'ombe atachomwa sindano ya kiwele, na maziwa yanayopaswa kumwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa yataingia kwenye ndoo kwa sababu tajiri anahesabu. Ulizeni mengine. Amecheua? Pua ina unyevu? Mavi yakoje? Amelala upande gani na anainuka vipi? Kijana akijua kwamba maswali hayo yanakuja, ataanza kuyatazama mwenyewe kabla hamjauliza.

Na atazameni akikamua, siku mtakayokuwa hapa. Banda lisafishwe kwanza, vumbi litulie. Mikono ioshwe kwa sabuni, kucha ziwe fupi, kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake. Matone ya kwanza ya kila chuchu yakamuliwe kwenye kikombe cheusi, na mkamuaji ayatazame: yakiwa na mabonge kama mtindi, au maji yenye nyuzi, huo ni ugonjwa wa kiwele unaoanza, na ukianza kutibiwa siku hiyo unatibika kwa urahisi kuliko wiki ijayo. Baada ya hapo akamue mfululizo bila kuitika simu, kwa kuwa ng'ombe huachia maziwa kwa dakika chache tu, na yanayobaki ndani kwa uzembe huleta hasara mara mbili. Anayeumwa akamuliwe mwisho. Chombo kiwe cha alumini au chuma kisichoshika kutu. Lile dumu la mafuta ya kupikia halisafishiki pembeni hata ulisugue namna gani.

Lipo pia suala la joto, yaani ng'ombe kutaka dume, ambalo limewagharimu wengi kuliko magonjwa. Ng'ombe asiye na mimba huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na dalili huonekana kwa muda usiozidi siku moja, mara nyingi usiku au alfajiri: analia bila sababu, anakosa utulivu, ute mwembamba unaning'inia nyuma, na akiwa na wenzake anasimama apandwe. Akionekana asubuhi, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kumpandikiza ng'ombe mbegu, aitwe jioni. Akionekana jioni, aitwe asubuhi inayofuata. Kijana ambaye lazima kwanza atafute salio, ampigie tajiri aliye kwenye kikao, asubiri jibu, kisha atumiwe fedha, amekwisha kupoteza siku 21 nyingine, na ng'ombe anaendelea kula kilo zake 40. Ndigana kali, ugonjwa uletwao na kupe, nayo haisubiri kikao: homa inapanda, tezi zinavimba chini ya masikio na mbele ya bega, na asipotibiwa mapema mnyama anaweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo acheni nyumbani fedha ya daktari wa mifugo, kwenye bahasha au kwa mzee wa jirani, na mwambieni kijana mbele ya mashahidi kwamba akiona dalili aite kwanza, awajulishe baadaye. Mkiogopa kwamba ataila fedha hiyo, basi mmemkabidhi ng'ombe mtu msiyemwamini na shilingi.

Mpeni buti za mpira zinazomtosha, chumba kisichovuja, siku ya kupumzika yenye mtu wa kumshikia zamu, na kikombe chake cha maziwa kila asubuhi asichokiiba. Nimeona nyumba ambako kijana anakamua lita kumi na kunywa chai ya rangi. Kama aliyebaki nyumbani ni dada yenu, msimwite msaidizi. Yeye ndiye mfugaji, na mnapokaa kugawa kihamba kumbukeni kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Wala msingoje mpaka tuzikwe ndipo mlijadili hilo.

Kuku sitawazungumzia sana. Mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, huzuiwa kwa tone moja la chanjo jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa vifaranga na wakubwa vilevile, na kwa kuwa kichupa kimoja kinatosha kuku wengi na kikishafunguliwa hakikai, ni lazima mpatane na majirani siku ya kuchanja. Aliyejenga banda la kuku bila kujuana na jirani zake atanunua kichupa kizima kwa kuku wachache, au hatanunua. 

Bustani ndiyo inayovumilia zaidi kutokuwapo kwenu, ila nayo inategemea banda. Mkojo wa ng'ombe usiachwe uzame chini ya sakafu mbovu. Uchimbiwe mfereji uufikishe kwenye shimo, kwa sababu sehemu kubwa ya rutuba iko humo, kisha uchanganywe na maji kabla ya kumwagiwa mchicha, mnavu na sukuma wiki. Samadi ikae shimoni chini ya kivuli mpaka ipoe, na isirundikwe kwenye shina la mgomba. Katika kila shina ibaki migomba mitatu: mama, binti na mjukuu. Baba zenu waliokuwa wakali kwa hilo walipata mikungu mikubwa. Siku hizi naona mashina yenye watoto tisa, kwa kuwa hakuna mwenye moyo wa kuwakata. Na pumba mnazotuma kwa gari kwa sababu zilikuwa rahisi, zifunguliwe na kunuswa kwanza. Zenye ukungu zitupwe, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, humpitia ng'ombe na kutokea kwenye maziwa ya watoto wenu.

Kwa wale ambao mtu wa ng'ombe hayupo na hatapatikana, ipo njia ya zamani isiyo na fedheha. Mkabidhini mnyama jirani mwenye majani na nguvu: maziwa na samadi viwe vyake, ndama wagawanywe kwa makubaliano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi mbele ya balozi wa nyumba kumi. Wale mitamba watakaozaa kabla ya masika wasiachwe bila mtu aliyewahi kuzalisha, na ndama apewe maziwa ya mwanzo saa zilezile za kwanza, hata kama ni usiku wa manane.

Mvua zikianza Machi tutapanda majani ya tembo kwenye matuta yote yaliyo wazi. Mimi nitatoa vipando kwa yeyote anayehitaji. Mtakaokuja Pasaka, njooni na buti na majembe, mfike mapema Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa Kuu hatulimi.

Ni mimi mama yenu,
Kibosho