Nuru na Darasa la Kwanza

Mbagala, Jumapili

Shoga yangu Mwalimu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, Baba Nuru karudi safari, mama presha imetulia. Najua nimekuwa kimya tangu msiba wa Bi Mkubwa, tutasemezana tukionana. Leo kuna jambo linaninyima usingizi: Nuru anaanza Darasa la Kwanza Januari, na ile shule binafsi wanataka fomu irudi na nusu ya ada kabla ya Ijumaa.

Kote nimekwenda. Ya serikali hapa jirani, mkondo mmoja una watoto 118. Kiwango chenu si 45? Tangu elimu bila malipo ianze 2016 wanaandikishwa wengi, nami nafurahi, wapo ambao wangebaki nyumbani. Lakini dawati moja wanabanana wanne, mwalimu hana pa kupita afike nyuma. Kule binafsi wako 26.

Nikaona basi, yamekwisha. Jana Mama Asha kanijia na daftari la mwanawe anayesoma hukohuko kwenye 26. Imla. Mwalimu kasoma "baba", mtoto kajaza ukurasa mzima "dada, dada, dada", kila b tumbo limegeukia kushoto. Chini, vema na saini. Tukafunua kurasa za nyuma, hivyohivyo, vema. Watoto 26 na hakuna aliyeliona! Mama Asha anasema walimu hawakai, mishahara inachelewa.

Na yule mama anayefundisha watoto 118 nilimkuta mchana wenzake wameshaondoka, kabakiza watoto sita wanaosuasua, anawasomesha silabi. Nikamuuliza madaftari yote hayo anasahihishaje. Akasema hamalizi, leo safu hii, kesho ile. Hakunificha.

Nikakumbuka ule utafiti wa magharibi mwa Kenya ulionisimulia: darasa la watoto themanini na kitu likapunguzwa karibu nusu, lakini waliobaki na mwalimu wao wa kawaida hawakusogea sana, waliopewa mwalimu wa mkataba ndio waliopanda. Kwa hiyo namba peke yake siiamini tena. Ila siwezi kuipuuza, shoga. Nuru mpole, hanyooshi kidole. Kwenye 118 anaweza kumaliza mwaka hakuna aliyemsikia akisoma.

Baba Nuru anataka ada hiyo iende kwenye kiwanja. Hayo tuyaache.

Moyo wangu uko kwa yule mwalimu wa 118, na fedha itakayobaki nimtafutie Nuru mtu wa kumsomesha jioni. Lakini mwalimu huyo akihamishwa je?

Wewe darasani kwako wako wangapi sasa? Mtoto mpole unamgunduaje? Nikiomba Nuru akae mbele, nitaonekana msumbufu? Mwalimu wa la kwanza huwa anaendelea nao mpaka la pili? Na angekuwa wako, ungempeleka wapi? Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa ujumbe wa sauti.

Wako,
Mama Nuru