Barua kutoka Roma: mlangoni na mezani kwa Kaisari

Roma

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo zangu zifike kwa baba, mama na bibi. Huku sote wazima, baridi imeanza ila bado haijakaza. Mwambie mama kifurushi cha majani ya chai na viungo kimefika salama, Mungu ambariki.

Sura tatu za riwaya yako nimezisoma zote. Umefanya vizuri kumchagua Kaisari Claudius, aliyetawala dola ya Roma tangu mwaka 41 hadi 54 BK, kwani katika ikulu yake watumwa na mahuru, yaani waliokuwa watumwa wakaachwa huru, walipata nguvu za kutisha. Lakini watu wako wananong'ona gizani, wanachomana visu ukumbini na kutorokea dirishani. Fitina ya nyumba ile haikuendeshwa hivyo. Ilipita ndani ya kazi za kila siku: nani anashika mlango, nani anasoma barua kwanza, nani anaonja chakula, nani anaweza kuteswa kisheria na nani hawezi. Ukiijua kazi ya kila mtu na sheria inayombana, visa utavipata humo humo.

Kwanza futa minyororo na ule msafara wa sura ya kwanza. Hiyo ni picha ya Bagamoyo na soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873, nawe umeichukua nzima ukaiweka kwenye kilima cha Palatino, penye ikulu ya Kaisari. Watumwa wengi wa Kaisari walikuwa wazalia, waliozaliwa na kulelewa humo humo nyumbani. Wengi walikuwa na majina ya Kigiriki, na rangi ya ngozi haikumtenga mtumwa na mwungwana. Hata mavazi hayakuwatenga. Mwanafalsafa Seneca, aliyeishi zama hizo hizo, anaeleza kwamba baraza la seneti liliwahi kupendekeza watumwa wavae nguo za kuwatambulisha, kisha likaona hatari yake: watumwa wangeanza kuwahesabu mabwana zao. Kwa hiyo mtu anayepishana na mhusika wako ukumbini hajulikani kwa macho ni mtumwa, aliyeachwa huru au mwungwana. Itumie hali hiyo.

Sasa vyeo. Wakubwa walikuwa mahuru. Narcissus alishika barua za Kaisari, Pallas alishika hesabu za fedha, Callistus alipokea maombi na malalamiko ya raia. Barua iliandikwa kwa kalamu ya tete kwenye karatasi ya mafunjo kutoka Misri, au kwa kuchora kwenye vibao vya nta, ikafungwa uzi na kupigwa muhuri wa pete. Aliyeifungua ndiye aliyeamua Kaisari aione leo, kesho, au asiione kabisa. Ndiyo maana Narcissus alikufa na mali inayotajwa kuwa sesterti milioni 400, na Pallas milioni 300. Ili wasomaji wako wapate kipimo, askari wa kawaida wa jeshi alilipwa dinari 225 kwa mwaka, yaani sesterti 900, na mtumwa stadi wa kutunza mizabibu alinunuliwa kwa sesterti 6,000 hadi 8,000.

Chini yao walikuwapo watunza hazina, na hawa kwa kawaida walibaki watumwa hata walipokuwa matajiri. Mali yote ya mtumwa, hata aliyoitafuta kwa jasho lake, kisheria ni ya bwana, na mtumwa aweza kuhojiwa hesabu kwa mateso. Mmoja wa watumwa wa Claudius, Rotundus, mtunza hazina katika Hispania, alikuwa na sinia moja ya fedha yenye uzito wa ratili 500 za Kirumi, zaidi ya kilo 160, na ilibidi kijengwe kiwanda maalumu ili kuitengeneza. Mtumwa wa aina hii naye alikuwa na watumwa wake. Lipo jiwe la kaburi la Musicus Scurranus, mtumwa wa Kaisari Tiberius aliyetunza hazina ya Gaul (Ufaransa ya leo), aliyefia Roma. Waliolisimamisha ni watumwa 16 wa huyo mtumwa, na karibu kila mmoja kazi yake imeandikwa: tabibu, wapishi wawili, makarani watatu, wawili wa vyombo vya fedha, mmoja wa mavazi, wawili wa chumba cha kulala, wawili wa kumfuata njiani, mmoja wa biashara, mmoja wa matumizi. Wa mwisho ni mwanamke, Secunda, naye kazi yake haikuandikwa. Kama riwaya hii ingekuwa yangu, ningemfuata Secunda.

Mhusika wako mkuu ana miaka 22 na bwana wake, seneta, anamwacha huru kwa neno moja karamuni. Hapo msomaji anayejua atafunga kitabu. Sheria ya mwaka 4 BK ilitaka mtumwa awe ametimiza miaka 30 na bwana awe na miaka 20, ndipo aliyeachwa huru apate uraia kamili. Chini ya umri huo ilibidi kuthibitisha sababu mbele ya baraza, ambalo hapa Roma lilikuwa na maseneta watano na watu watano wa tabaka la wapanda farasi, lililofuata chini ya maseneta. Sababu zilizokubalika zilijulikana: ni mtoto au ndugu wa damu, ni mwalimu wa watoto, ni mwanamke ambaye bwana anataka kumwoa, au ni mtu atakayefanywa wakili wa mali. Seneta wako akimwacha huru kiholela mbele ya rafiki zake, kijana anapata uhuru pungufu: anaishi huru, lakini akifa mali yake inarudi kwa bwana kama mali ya mtumwa. Hapo una mgogoro uliokamilika bila kumwaga damu.

Njia kamili ya kumwacha mtumwa huru ilifuata hatua hizi. Bwana na mtumwa wanakwenda mbele ya hakimu mkubwa. Mtu mwingine, mara nyingi mlinzi wa hakimu, anamgusa mtumwa kwa fimbo nyembamba na kutamka kwamba huyu ni mtu huru. Bwana hapingi, hakimu anathibitisha. Kisha inalipwa kodi ya asilimia 5 ya thamani ya mtumwa, kodi iliyokuwapo tangu mwaka 357 KK. Kaisari mwenyewe hakuhitaji fimbo, utashi wake ulitosha.

Kwa wasia kulikuwa na mipaka. Mwenye watumwa 3 hadi 10 aliweza kuwaacha huru nusu yao, 11 hadi 30 theluthi, 31 hadi 100 robo, 101 hadi 500 sehemu moja ya tano, na kamwe wasizidi 100. Sasa fikiria nyumba yenye watumwa 40: kumi watatajwa, thelathini hawatatajwa, na karani anayeuandika wasia ni mmoja wao. Aliyeachwa huru huchukua jina la ukoo wa bwana. Pallas alikuwa wa Antonia, mama yake Claudius, kwa hiyo ni Marcus Antonius Pallas. Kijana wako wa seneta hawezi kuitwa Claudius.

Kuhusu mateso, sura ya tatu ina kosa kubwa. Umemfanya mtumwa ateswe ili amshtaki bwana wake. Kanuni ya zamani ilikataza. Lakini dola iliipindua kwa hila: katika kesi ya Libo Drusus, mwaka 16 BK, Tiberius aliamuru watumwa wa mshtakiwa wauzwe kwanza mmoja mmoja kwa wakala wa serikali. Wakishauzwa, yule si bwana wao tena, na mateso yanahalalika. Kwa hiyo andika karani anayefika asubuhi na hati ya mauzo. Mtumwa anayeona anauzwa bila kupelekwa sokoni anajua kinachofuata.

Visu navyo viondoe. Claudius aliogopa kuuawa, akaagiza kila anayekuja kumsalimu apekuliwe. Kwa muda mrefu hata wanawake na watoto hawakusamehewa, na wasindikizaji walinyang'anywa vikasha vya kalamu.

Njama ya kuigiza ni ile ya mwaka 48. Messalina, mke wa Kaisari, alifanya harusi na mpenzi wake Gaius Silius wakati mumewe yuko bandari ya Ostia. Narcissus hakukimbilia kushtaki. Aliwatuma kwanza masuria wawili, Calpurnia na Cleopatra, akawaahidi zawadi. Calpurnia akapiga magoti na kusema habari, akamgeukia mwenzake athibitishe, naye akathibitisha, kisha Calpurnia akaomba Narcissus aitwe. Unaona ustadi? Alipoingia, alionekana ameitwa kujibu, wala si mchongezi aliyejileta. Kwa kuwa mkuu wa walinzi hakuaminika, Narcissus aliomba amri ya jeshi la walinzi kwa siku ile moja tu, iwe mkononi mwa mmoja wa mahuru, akajitolea mwenyewe. Njiani kurudi Roma alihakikisha amekaa gari moja na Kaisari, asije mwingine akamgeuza moyo. Messalina alikuja kuwapokea juu ya mkokoteni wa takataka za bustani, akalia kwamba asikilizwe, mama wa Octavia na Britannicus. Narcissus akapaza sauti juu ya sauti yake na kumpa Kaisari maandishi ya mashtaka asome, ili macho yasimwone mkewe. Jioni, baada ya kula na kunywa, Claudius alilegea, akasema yule maskini aje kesho ajitetee. Narcissus akatoka upesi, akawaambia maofisa kwamba Kaisari ameamuru auawe. Uhai wa Messalina uliishia katika pengo hilo, kati ya neno la mezani na neno la mlangoni.

Mwaka uliofuata Claudius alimwoa Agrippina, chaguo la Pallas. Narcissus alikuwa amemtetea Aelia Paetina, Callistus amemtetea Lollia Paulina. Tangu siku hiyo Narcissus alikuwa anaishi akihesabiwa siku, naye alilazimishwa kufa mara tu Claudius alipokufa. Ndugu wa Pallas ndiye Feliki, yule liwali wa Matendo ya Mitume sura ya 24, aliyemwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa fedha. Wasomaji wa nyumbani wanamjua tayari kutoka kanisani, mtaje.

Mezani sasa. Chumba cha karamu kilikuwa na vitanda vitatu, watu watatu kila kitanda, wameegemea kiwiko cha kushoto. Ondoa nyanya, mahindi, viazi na pilipili kali, vyote vilitoka Amerika karne nyingi baadaye. Utamu ni wa asali, chumvi ni ya mchuzi wa samaki waliochachushwa, divai huchanganywa na maji, mara nyingi ya moto.

Maji hayo yana kazi. Mwaka 55, Britannicus, mwana wa Claudius, alipoletewa kinywaji, mwonjaji alikionja kikiwa cha moto mno. Kijana akakirudisha, kikaongezwa maji baridi ambayo hakuna aliyeyaonja, na sumu ilikuwa humo. Jaribio la kwanza lilikuwa limeshindwa: sumu ilikuwa dhaifu, ikamharisha tu. Nero, mwana wa Agrippina aliyemrithi Claudius, alimpiga mtengenezaji wa sumu, Locusta, kwa mkono wake. Dawa ikajaribiwa kwa mbuzi, akachukua saa tano kufa. Ikachemshwa tena na tena mpaka ikakolea, akapewa nguruwe, akaanguka palepale. Kwa Claudius, Oktoba 54, mwanahistoria wa Kirumi Tacitus anasema sumu ilinyunyizwa juu ya uyoga mmoja mzuri, na mwonjaji Halotus alikuwa ndani ya njama. Tumbo la Claudius lilipoanza kuitoa, tabibu Xenophon aliingiza unyoya kooni kama anayemsaidia atapike, unyoya wenyewe una sumu kali zaidi. Kwa hiyo usimwandikie mwonjaji wako kifo cha kishujaa. Mfanye aonje kwa uaminifu, kisha aone mtungi wa maji unakuja.

La mwisho ni mapenzi ya mtumwa wa Kaisari na binti mwungwana. Yaache, ila yaweke baada ya mwaka 52. Mwaka huo seneti, kwa pendekezo lililotoka kwa Pallas, iliamua kwamba mwanamke mwungwana anayeishi na mtumwa bila bwana wa mtumwa kujua atakuwa mtumwa, na bwana akiridhia, atahesabiwa mwanamke aliyeachwa huru. Kwa shukrani seneti ilimpa Pallas heshima za cheo cha juu na sesterti milioni 15. Alizikubali heshima, akazikataa fedha, na tangazo la sifa zake likachorwa kwenye shaba na kubandikwa hadharani. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa ndiye aliyewafungia wenzake mlango huo. Binti wako na apite mbele ya shaba ile akiwa na mimba, aisome mpaka mwisho.

Anza na kurekebisha umri wa kijana na jina lake, maana vinabeba sura zote zinazofuata. Ukimaliza nitumie hata usiku, nitasoma. Bibi aendelee na dawa za presha bila kuruka siku, na baba asipande ngazi za paa.

Dada yako akupendaye